Kompakti ao aparei kubwa? Usiuzishe kwanza

Mdogo, umeuliza kama uuzishe kale ka kompakti kako, ka aparei kadogo ka foto, uongeze makuta, ununue aparei kubwa ya kubadilisha objektifu, juu wenzako wanakucheka kwenye sherehe. Mie niko nafanya kazi ya foto hapa Goma na niko na zote mbili: kama unapigaka muchana, bakia na ka kompakti kako.

Angalia ile foto ya chukudu, kinga ya mbao ya kubeba mizigo, ulituma. Lava nyeusi chini imetoka kijivu kama simenti, mbingu imeungua yote, nyeupe tu. Iyo ata aparei ya dola 3.000 itakufanyia, juu ukiiacha otomatiki inapima mwanga ikifikiri kila kitu ni cha kijivu, njo maana mbele ya lava inafungua sana mwanga uingie, na mbele ya robe ya bibi arusi inafunga, robe inachafuka na uso wake unabakia giza. Tafuta kale ka buton ka + na −, kwa lava shuka −1, kwa robe panda +1 lakini uchunge isiungue. Haiombi franka.

Tena hapa mujini, pale Birere ao Kituku, ukitoa aparei kubwa kila mutu anajipanga, mwengine anaomba makuta, mwengine anauliza kibali. Kadogo kanatoka mu mfuko na kurudi. Cartier-Bresson, yule mupiga foto Mfaransa, alitembeaka na Leica na objektifu ya mm 50, na wakati ule iyo ilikuwa aparei ndogo.

Sasa, wale wanasema aparei haina maana, ni jicho tu, wale hawajapiga sherehe ya usiku, courant imekatika, groupe inaunguruma inje na mu ukumbi kumebakia taa mbili za rangi. Pale kapteri, ile sehemu ya ndani inakamata mwanga, njo inaongea: ya kompakti wanaita ya inchi moja kama RX100 ya Sony ni mm 13,2 kwa 8,8, ya aparei kubwa wanaita full frame ni 36 kwa 24, eneo mara 7 na zaidi, na kompakti nyingi ziko chini ya iyo mbali. Ukipanda ISO, ile namba ya kuongeza mwanga wa foto, mpaka 6400, nyuso zetu zinajaa mchanga, ukivuta zoom objektifu inafunga tena, mwanga inapunguka. Jicho halitengenezi mwanga.

Donki kazi ya usiku ikija, kodi aparei kubwa na objektifu ya 50 mm ya f/1.8, inafungua sana, ile ya bei ndogo. Na usibadilishe objektifu inje, ata dakika moja, vumbi ya huku inaingia kwenye kapteri na mbingu zote zinatoka na vidoa.