Mgombea wa tatu na mgawanyiko wa kura za urais: piga hesabu kwanza, lawama baadaye

Mleta mada, hoja yako ni kwamba mwaka 2016 Jill Stein wa chama cha Kijani alimpotezea Hillary Clinton urais wa Marekani, kwa sababu katika majimbo matatu yaliyoamua uchaguzi ule (Michigan, Wisconsin na Pennsylvania) kura za Stein zilizidi pengo kati ya Clinton na Trump. Takwimu zako ni sahihi. Shida iko kwenye hitimisho, na kwa kuwa hitimisho la aina hii hutolewa kila baada ya uchaguzi, mahali pengi, naona lijibiwe kwa kirefu.

Kura za mgombea wa tatu kuzidi pengo ni sharti la lazima, ila halitoshi. Ukimwondoa kwenye karatasi ya kura, wapigakura wake hawahami wote kwa pamoja. Wanagawanyika mafungu matatu: wa kwenda kwa mshindi, wa kwenda kwa aliyeshindwa, na wasiopiga kura ya urais kabisa. Fungu hili la tatu ndilo watu husahau, na mara nyingi ni kubwa, kwa sababu wengi wanaompigia mgombea mdogo hufanya hivyo kwa kuwachoka wakubwa wote wawili. Aliyeshindwa angepindua matokeo pale tu ambapo kura ambazo angezipata yeye, ukitoa ambazo angezipata mshindi, zingezidi pengo.

Njia ya haraka ya kupima ni hii. Chukua pengo, ligawanye kwa kura za mgombea wa tatu, zidisha kwa mia. Jibu nitaliita mzigo: katika kila kura mia za mgombea wa tatu, aliyeshindwa alihitaji kumzidi mshindi kwa kura ngapi. Mzigo wa 5 ni mwepesi. Mzigo wa 80 hauwezekani isipokuwa mgombea wa tatu na aliyeshindwa ni watu wa nyumba moja.

Sasa 2016. Michigan pengo lilikuwa kura 10,704 na Stein alipata 51,463: mzigo ni kama 21. Wisconsin pengo 22,748, Stein 31,072: mzigo 73. Pennsylvania pengo 44,292, Stein 49,941: mzigo karibu 89. Clinton alihitaji majimbo yote matatu, maana Marekani rais huamuliwa na kura za wajumbe wa majimbo, si jumla ya kura za nchi, na akikosa hata Wisconsin yenye kura 10 za wajumbe asingefika 270 zinazohitajika. Kwa hiyo mnyororo mzima unapimwa kwa Pennsylvania. Tuseme kati ya wapigakura mia wa Stein kule, kumi tu wangebaki nyumbani. Wanabaki tisini. Ili tofauti ifike 89, Clinton angehitaji karibu wote tisini na Trump asipate hata mmoja. Haiko hivyo popote duniani. Michigan peke yake, ndiyo, inawezekana kabisa. Urais mzima kwa kura za Stein pekee, hapana.

Tena angalia nani ameachwa nje ya mjadala. Gary Johnson wa chama cha Libertarian alipata kura 146,715 Pennsylvania, karibu mara tatu ya Stein. Ukimwondoa Stein kwenye hesabu ukamwacha Johnson, umechagua jibu kabla ya kuhesabu. Wagombea wadogo waondolewe wote au abaki kila mmoja. Kuondoa mmoja tu ni kumtafuta wa kumlaumu.

Mfano wenye nguvu zaidi kwa upande wako ni mwaka 2000. Florida, George W. Bush wa Republican alimshinda Al Gore wa Democratic kwa kura 537. Ralph Nader wa chama cha Kijani alipata 97,488. Mzigo ni nusu ya kura moja katika kila mia. Hata tukisema asilimia 40 ya watu wa Nader wangebaki nyumbani, wanabaki watu takriban 58,490, na Gore angehitaji asilimia 50.5 tu ya hao. Anayebisha hapa ana kazi ngumu. Lakini New Hampshire, uchaguzi uleule, pengo lilikuwa 7,211 na Nader alipata 22,198. Kwa dhana ileile ya asilimia 40 kubaki nyumbani, Gore angehitaji asilimia 77 ya waliobaki. Wengi husema kwamba New Hampshire nayo ingempa Gore urais (na kweli, kura zake 4 za wajumbe zingetosha), kana kwamba ushahidi wa majimbo hayo mawili una uzito sawa. Mgombea ni yuleyule, siku ni ileile, ila mzigo wa jimbo moja ni mara sitini ya mwenzake.

Florida ina tahadhari yake pia. Pengo likiwa dogo namna ile, kila kitu kinakuwa sababu. David McReynolds wa chama cha Kisosholisti alipata kura 622 jimbo zima, na hizo nazo zinazidi 537. Kaunti ya Palm Beach ilitumia karatasi ya kura yenye majina pande mbili na matundu katikati, iliyowachanganya wapigakura. Pat Buchanan, mgombea mwingine mdogo, akapata kura zaidi ya 3,400 katika kaunti iliyokuwa ngome ya Gore, na mwenyewe alikiri hadharani kwamba nyingi huenda hazikuwa zake. Kwa hiyo kusema "Nader ndiye sababu" ni kuchagua sababu moja kati ya nyingi ambazo kila moja peke yake ingetosha. Kusema "bila Nader, Gore angeshinda Florida" ni sentensi tofauti, nayo inasimama vizuri.

Kipande kigumu cha hesabu ni kujua chaguo la pili la wapigakura. Kubahatisha kwa kuangalia itikadi ya mgombea hakufai. Ross Perot mwaka 1992 alikuwa bilionea aliyepiga kelele kuhusu nakisi ya bajeti, kwa hiyo hadi leo watu wanasimulia kwamba alimpokonya Bush baba kura. Alipata asilimia 18.9, Bill Clinton 43, Bush 37.4. Wapigakura waliohojiwa wakitoka vituoni walipoulizwa wangempigia nani kama Perot asingekuwepo, waliotaja Clinton na waliotaja Bush walilingana, takriban asilimia 38 kila upande, na waliobaki wengi wakasema wasingepiga kabisa. Mzigo wa Bush kitaifa ulikuwa karibu 30. Tofauti iliyopatikana ilikuwa karibu sifuri. Simulizi imedumu kwa sababu inasikika vizuri kuliko takwimu.

Ukitaka kuona chaguo la pili likihesabiwa kweli, si kwa dodoso, nenda Ireland mwaka 1990. Kule mpigakura hupanga wagombea wa urais kwa namba: 1, 2, 3. Hesabu ya kwanza ilimpa Brian Lenihan 694,484, Mary Robinson 612,265, Austin Currie 267,902. Kwa kanuni ya anayeongoza ndiye mshindi, Lenihan angekuwa rais kwa asilimia 44, na Currie angebeba lawama. Badala yake Currie alitolewa na karatasi zake zikafunguliwa upya kuangalia namba 2. Robinson akapata 205,565, Lenihan 36,789, na 25,548 hazikuwa na chaguo linalofuata. Robinson akashinda kwa 817,830 dhidi ya 731,273. Gawanya uone: kati ya kila mia, 77 kwa Robinson, 14 kwa Lenihan, 9 zikaishia hapo. Na haya yalikuwa mazingira mazuri sana ya kuhamishiana kura, vyama viwili, cha Robinson na cha Currie, vilivyokuwa vikimpinga mkubwa mmoja, chama cha Lenihan. Tofauti ilikuwa 63. Kwa hiyo mtu akikuletea nadharia inayodai tofauti ya 80 au 90, mwonyeshe namba hizi.

Kuna hali ambayo kujumlisha kura za wagombea wawili kunakaribia ukweli: chama au vuguvugu moja likipasuka. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt alinyimwa uteuzi wa Republican kwenye mkutano wa Chicago, akagombea kwa chama kipya. Akapata asilimia 27.4, rais aliyekuwa madarakani, Taft, akapata 23.2, na Woodrow Wilson wa Democratic akachukua kura 435 kati ya 531 za wajumbe kwa asilimia 41.8 tu. Taft aliambulia Utah na Vermont. Korea Kusini mwaka 1987, Kim Young-sam na Kim Dae-jung, wote viongozi wa upinzani dhidi ya utawala wa kijeshi, walishindwa kukubaliana nani ampishe mwenzake. Wakapata asilimia 28 na 27. Jenerali mstaafu Roh Tae-woo akaapishwa kwa asilimia 36.6.

Kenya ni somo lililo karibu zaidi nasi na lina kona nyingi. Chama cha upinzani cha FORD kilipasuka mwaka 1992 kikawa FORD-Asili ya Kenneth Matiba na FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga, na Mwai Kibaki alikuwa pembeni na chama chake cha DP. Moi akabaki madarakani kwa takriban asilimia 36, wapinzani watatu wakiwa na zaidi ya 60 kwa pamoja. Mwaka 1997 wakarudia, Moi akapata kama asilimia 40. Mwaka 2002 wakaungana chini ya muungano wa NARC, Kibaki akashinda kwa 62. Wengi husimulia kana kwamba ni kujumlisha tu. Sivyo. Mwaka 2002 Moi hakuwa kwenye karatasi ya kura, na sehemu ya nguvu ya NARC ilikuwa vigogo waliotoka KANU, chama tawala chenyewe, baada ya Uhuru Kenyatta kuteuliwa kuwa mgombea wake. Na mwaka 1992 sheria ilidai pia mshindi apate angalau asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane, kwa hiyo mpinzani mwenye ngome moja au mbili alikuwa na kikwazo hata kama angeongoza kwa jumla.

Hapo ndipo kanuni inapoingia. Kabla ya kupiga hesabu yoyote soma katiba inasemaje kuhusu mshindi. Tanzania anayeongoza kwa kura ndiye rais, hata asipofika nusu. Kenya ya katiba ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Mgombea mdogo kule hawezi kumpa wa pili ushindi, anaweza tu kuwalazimisha wote kurudi vituoni. Malawi ilihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine ndani ya mwaka mmoja. Mei 2019 Rais Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57, wapinzani wake Chakwera 35.41 na Chilima 20.24. Februari 2020 mahakama ikafuta matokeo kwa kasoro za uchaguzi, na ikatafsiri kwamba mshindi lazima avuke nusu. Chilima akawa mgombea mwenza wa Chakwera, na Juni wakashinda kwa zaidi ya asilimia 58. Tafsiri ile ya mahakama iliwasukuma kuungana kuliko hotuba yoyote ya umoja.

Duru ya pili hupunguza tatizo, haiondoi. Linahamia kwenye nafasi ya pili. Ufaransa mwaka 2002 ilikuwa na wagombea 16 duru ya kwanza. Jean-Marie Le Pen alipata asilimia 16.86, waziri mkuu Lionel Jospin 16.18, tofauti ya kura chini ya 200,000. Christiane Taubira, wa mrengo uleule wa kushoto, alikuwa na kura karibu 660,000, na Jean-Pierre Chevènement zaidi ya asilimia 5. Jospin akakaa nje, Chirac akamshinda Le Pen kwa asilimia 82. Wapigakura wengi wa kushoto waliamini duru ya kwanza ni ya kuonyesha hisia na ya pili ni ya kuamua. Duru ya pili ikafika bila mtu wao.

Marekani ina jambo moja zaidi, nalo ni mahali kura zilipo. Perot na asilimia 18.9 hakupata hata mjumbe mmoja. Strom Thurmond, mgombea wa tatu mwaka 1948, alikuwa na asilimia 2.4 tu ya nchi nzima akapata wajumbe 39, kwa sababu kura zake zilirundikana kusini. Ukisoma takwimu ya kitaifa ya mgombea wa tatu bila ramani hujasoma kitu.

Kwa wanaouliza upande wa vitendo, yaani chama kidogo kinapotaka kumwachia mwenzake: kigezo ni tarehe, na tarehe yenyewe ni ile ya mwisho ya kujitoa kisheria, ambayo huja kabla karatasi hazijachapwa. Tamko kwa waandishi wa habari baada ya hapo haliondoi jina. Robert F. Kennedy Jr., mgombea huru wa urais wa Marekani, alisimamisha kampeni na kumuunga mkono Trump mwezi Agosti 2024, akajaribu kuondolewa Michigan na Wisconsin, na jina lake likabaki kwenye karatasi za majimbo yote mawili. Watu waliendelea kulipigia. Kama tarehe imeshapita, kazi iliyobaki ni ya mawakala na wahamasishaji, kata kwa kata, kuwaeleza wapigakura kwamba jina lipo ila mgombea hayupo. Na ianze kabla ya siku ya kwanza ya kura za mapema au za posta, maana kura ikishatumbukia sandukuni hairudi.