Weka Tochi Kando ya Jicho: Namna ya Kumtafuta Buibui Mbwamwitu Usiku

Wiki nzima nilitoka kila usiku na tochi mkononi kumtafuta buibui mbwamwitu, na wiki nzima nilirudi sijamwona hata mmoja. Nilikuwa nimesoma kwamba macho yao hung'aa gizani, kwamba ukimulika nyasi unaona vinukta vya mwanga huku na huko. Mimi niliona nyasi tu. Nikaanza kuamini kwamba mahali pale hawapo. Kumbe walikuwepo, tena wengi, na niliwapita nikiwa nimewamulika usoni kabisa. Tochi nilikuwa nimeishika usawa wa kiuno.

Nikikupa ushauri mmoja tu, ni huu: tochi ikae kando ya jicho. Ibandike kwenye kipaji, karibu na nyusi, uangalie kufuata mwale wake. Ukiwa na tochi ya kuvaa kichwani ni rahisi zaidi, ilimradi uishushe chini kidogo, isikae juu utosini. Usiku ule nilioinua mkono hadi kwenye paji la uso, uwanja uleule niliouzunguka wiki nzima uliwaka vinukta vya kijani chenye ubuluu, kimoja hapa, viwili kule, kingine pembeni mwa jiwe. Nilisimama palepale muda mrefu, nikigeuza kichwa tu.

Sababu yake inafaa uijue, maana ukiielewa hutahitaji kukumbushwa. Ndani ya macho ya buibui huyu, nyuma ya sehemu inayopokea mwanga, kuna tabaka linaloakisi kama kioo. Mwanga ulioponyoka mara ya kwanza hurudishwa upite tena, ili mnyama aone vizuri kwenye giza. Ni jambo lilelile linalofanya macho ya paka yawake mbele ya taa za gari. Mwanga huo unaporudi hausambai ovyo, hurudi ulikotoka. Tochi ikiwa kiunoni, mng'ao unarudi kiunoni, na jicho lako lililo juu haliupati.

Nguvu ya tochi haina umuhimu mkubwa kama watu wanavyodhani. Tochi ndogo yenye mwale uliokusanyika inanitosha kuona macho ya buibui hatua kumi mbele yangu, na zaidi ya hapo akiwa mkubwa. Tochi kali mno inamulika kila jani na kukuchosha macho. Chukua betri za akiba, basi.

Mgeni wa kazi hii hudanganywa na umande. Tone la maji juu ya jani nalo humetameta, na usiku wa kwanza utapiga magoti mbele ya matone mengi. Angalia rangi: umande hubadilika ukisogeza kichwa, mara mwekundu, mara manjano, mara haupo. Jicho la buibui hutulia na rangi yake moja. Ukibaki na shaka, nyoosha mkono ulioshika tochi mbali na uso wako huku ukiendelea kumulika palepale. Nuru ya buibui huzimika mara moja; umande huendelea kumeta. Jaribio hili linachukua sekunde mbili na limeniokolea muda mwingi kuliko kifaa chochote.

Wapo wengine wenye macho yanayong'aa. Nondo hutoa nuru ya rangi ya chungwa au nyekundu, na mara nyingi huwa juu kwenye maua au majani. Chura ana mng'ao mkubwa kuliko wa buibui. Kando ya maji utawakuta buibui wavuvi, ambao wanafanana sana na mbwamwitu, na hapo itabidi usogee karibu uangalie uso. Mbwamwitu ana macho 8 katika safu tatu: manne madogo chini, mawili makubwa katikati yanayotazama mbele, na mengine mawili juu yaliyosogea nyuma na pembeni. Yale mawili makubwa ndiyo yanayokuita kutoka mbali. Ukikuta jike mwenye mayai kazi ni rahisi zaidi: mbwamwitu hukokota mfuko wake wa mayai nyuma, ukiwa umegandishwa kwenye viungo vya kutolea nyuzi, ilhali mvuvi huubeba kwa mdomo, chini ya kifua.

Kuhusu mahali, usianze na vichaka. Huyu ni mwindaji wa ardhini. Kwa kawaida hategi utando wa kunasia wadudu. Hukaa akivizia, kisha huruka au hukimbia kumkamata mdudu. Kwa hiyo nenda kwenye nyasi fupi, ukingo wa njia, majani makavu chini ya miti, changarawe kando ya kijito. Nyasi ndefu wanaweza kuwemo wengi, lakini mwale haupenyi. Chagua usiku wa joto usio na upepo, saa moja au mbili baada ya giza kuingia. Familia hii ina zaidi ya spishi 2,400 na imeenea karibu dunia nzima, hivyo huna haja ya kusafiri kumtafuta. Jina lake la kisayansi, Lycosidae, linatokana na neno la Kigiriki la mbwamwitu, ingawa hawawindi kwa kundi. Kila mmoja yuko peke yake.

Ukishaona nuru, usiiachie. Hapa ndipo wengi hupoteza walichopata: wanashusha tochi waangalie wanapokanyaga, wakiinua tena hawajui ni wapi. Mulika palepale, tembea polepole, weka unyayo mzima taratibu bila kukita kisigino. Buibui huhisi mtikisiko wa ardhi kwa miguu yake vizuri sana. Mwanga wenyewe wengi huuvumilia. Hatua nzito hawaivumilii.

Nilivyosogea hivyo usiku mmoja, niliona nuru iliyonishangaza. Haikuwa kinukta, ilikuwa kama mtu amemwaga unga wa kioo juu ya kokoto. Nikapiga magoti, nikainama hadi uso ukawa shubiri tatu kutoka chini. Alikuwa mama, na mgongo wake haukuonekana kwa wingi wa watoto waliopandana tabaka juu ya tabaka, kila mmoja na macho yake madogo yakirudisha mwanga wa tochi yangu. Mmoja aliteleza hadi kwenye kokoto, akabaki akipapasa, kisha akalipata goti la mama na kupanda mguu wote hadi juu. Mwingine alitambaa mbele akafunika moja ya yale macho makubwa. Mama akainua kile kiungo kifupi cha kando ya mdomo, akampangusa kwa utulivu, akaendelea kukaa.

Watoto hao hawawezi kujitoa kwenye mfuko wa mayai. Mama ndiye anayepasua mshono wake kwa meno. Wakitoka hupanda mgongoni, hushikilia vinyweleo vyake, na kukaa hapo siku kadhaa, wengine zaidi ya wiki, wakiishi kwa akiba ya kiini waliyotoka nayo kwenye yai. Kwa hiyo nakusihi: mama mwenye watoto au mfuko usimkamate, usimchokoe kwa kijiti ili upige picha nzuri. Akishtuka watoto hutawanyika, na si wote watakaorudi. Piga picha alipo, kisha ondoa mwanga.

Asiye na mzigo unaweza kumfunika kwa kikombe kinachoonyesha, ukapitisha karatasi ngumu chini yake, ukamtazama dakika chache na kumwachia palepale ulipomchukua. Usimshike kwa vidole. Akibanwa huuma, na kwa watu wengi matokeo ni maumivu na uvimbe wa muda. Mwenye mzio au anayeona hali inazidi aende kwa daktari. Kinachonitia hofu zaidi si yeye, ni nyoka na nge wanaotumia giza hilohilo. Vaa viatu vilivyofunika mguu na suruali ndefu, mulika kila unapotaka kupiga goti au kuweka mkono, na kumbuka kwamba nge haonekani kwa urahisi kwenye mwanga mweupe. Chini ya tochi ya mionzi ya urujuanimno hung'aa kijani, na wengi wetu tunabeba zote mbili. Omba ruhusa kwa mwenye eneo mapema, mchana, maana mtu anayezungukazunguka na tochi usiku huzua wasiwasi. Na usiende peke yako.

La mwisho ni la mashimo. Baadhi ya spishi huishi kwenye shimo lililotandikwa nyuzi, wengine wakilijengea ukingo wa vijiti na majani makavu. Utaona nuru mdomoni mwa shimo, utapiga hatua moja zaidi, nuru itapotea. Usichimbe wala usimwage maji. Kaa chini, tafuta namna ya kukaa ambayo miguu haitakufa ganzi, weka tochi kando ya jicho na uitulize hapo. Mimi nimewahi kusubiri robo saa bila kuona kitu ila tundu jeusi, upana wa kidole gumba. Kisha ncha mbili za miguu zikashika ukingo. Zikatulia. Halafu, polepole, yakapanda yale macho mawili makubwa, ya kijani, yakanitazama.