Muulize Mama Mkutubi: Waliotoka mikono mitupu

Swali

Shikamoo Mama. Nasimamia maktaba ya kata huku Nyanda za Juu Kusini, mimi na mhudumu mmoja wa usafi. Nilipeleka taarifa kwenye kamati yetu: wastani wa wasomaji 40 kwa siku, vitabu 3,200, vilivyoazimwa mwaka mzima mara 2,880. Mjumbe mmoja alikuwa amepita Jumanne akakuta watu wachache, akasema nimepika hesabu. Mwenzake akabonyeza kikokotoo cha simu, akatangaza kwamba kitabu hakiazimwi hata mara moja kwa mwaka, kwa hiyo maktaba imekufa. Sikupika kitu. Wiki niliyohesabu ilikuwa ya Oktoba: Jumatatu 22, Jumanne 25, Jumatano 19, Alhamisi 24, Ijumaa 21, Jumamosi 129. Riwaya za Kiswahili ninazo 240, zimeazimwa mara 1,200. Vitabu vya msaada kutoka nje ni 1,400, vimetoka mara 70 tu. Nifanyeje? Hisabati niliiaga kidato cha nne na hatujaonana tena.

*Mkutubi Pekee*

Jibu

Marahaba mwanangu. Hukupika, ila umepakua vibaya.

Jumla ya wiki yako ni 240, gawanya kwa siku 6, unapata 40. Hesabu ni safi. Lakini angalia tena orodha: hakuna siku hata moja uliyopata watu 40, wala karibu na 40. Jumamosi, nadhani ni watoto wa kidato cha nne na mtihani wao wa Novemba, imeuvuta wastani juu peke yake. Sasa zipange namba kutoka ndogo hadi kubwa: 19, 21, 22, 24, 25, 129. Zilizo katikati ni 22 na 24, na kati yao ni 23. Hiyo inaitwa mediani, na ndiyo siku yako ya kawaida. Ungeandika "siku za kazi watu kama 23, Jumamosi 129", mjumbe wa Jumanne angekuona mkweli, nawe ungekuwa na hoja ya kuomba viti vya kuongeza Jumamosi. Tena usiupime mwaka mzima kwa wiki moja ya Oktoba. Hesabu wiki moja katika kila robo ya mwaka.

Naijua aibu hii kwa sababu imenipata. Nikiwa mkutubi kijana katika mji mmoja wa pwani, Aprili moja namba za mlangoni zilipanda karibu maradufu. Nikaandika kwa majivuno kwamba vitabu vipya tulivyopokea Machi vimewavuta wananchi. Mzee aliyekuwa akipiga deki akanisikia nikiisoma taarifa kwa sauti, akacheka mpaka akaegemea fagio. "Binti, hiyo masika. Wanakimbia mvua." Nikafungua daftari la mwaka uliotangulia, nikatazama Aprili yake: tofauti haikufika hata watu kumi. Tangu siku hiyo Aprili nailinganisha na Aprili, silinganishi na Machi.

Tuje kwa yule wa kikokotoo. 2,880 gawanya kwa 3,200 ni 0.9, kweli. Kosa lake ni kukichanganya chungu kizima. Igawe hesabu kwa rafu. Riwaya zako 240 zimetoka mara 1,200, yaani kila moja mara 5 kwa mwaka. Hizo zinachakaa mikononi mwa watu. Vitabu vya msaada vimetoka mara 70 katika 1,400, yaani mara moja kwa kila vitabu 20. Waondoe hao wageni kwenye hesabu: vinabaki vitabu 1,800 vilivyoazimwa mara 2,810, kama mara 1.6 kila kimoja. Maktaba haijafa. Kilicholala ni shehena uliyoletewa bila kuulizwa unataka nini, na hilo liseme mbele ya kamati bila kupepesa macho.

Kuna matumizi mengine ambayo daftari la kuazima haliyaoni kabisa. Watoto wa Jumamosi hawaazimi, wanasoma pale pale. Bandika tangazo kwamba wasirudishe vitabu rafuni, waviache mezani, kisha vihesabu jioni kabla ya kuvirudisha. Wenye adabu watavirudisha tu, huwezi kuwazuia, kwa hiyo namba yako itakuwa pungufu kidogo. Ijue hivyo hivyo.

Haya yote, hata hivyo, ni kuhesabu walioingia. Mimi nikipewa karatasi moja tu na penseli ningehesabu waliotoka mikono mitupu. Chukua daftari la kurasa chache, weka kaunta. Kila anayekuja akitaka kitabu fulani, andika jina la kitabu, kisha alama: amekipata leo au hajakipata. Kama hajakipata, andika sababu, na sababu ni tatu tu: hatuna, kimeazimwa, au tunacho lakini hakionekani. Simama ukifika maombi 50.

Tuseme 29 wamepata. Hiyo ni asilimia 58. Katika 21 waliokosa, 12 ni "hatuna", 6 "kimeazimwa", 3 "hakionekani". Sasa ona namba zinavyokutuma kazi: zile 12 ni orodha yako ya kununua, imeandikwa na wasomaji wenyewe, zile 6 zinadai nakala ya pili au siku chache za kuazima, zile 3 ni aibu yako na ya mpangilio wa rafu, na dawa yake ni asubuhi moja ya kupanga, haihitaji bajeti. Idadi ya walioingia haijawahi kunituma kazi ya namna hiyo hata siku moja.

Tahadhari moja. Maombi 50 ni machache. Ukipata asilimia 58, ukweli wa maktaba yako unaweza kuwa popote kati ya 44 na 72 hivi. Kwa hiyo robo ijayo ukipata 62 usiite waandishi wa habari. Ukikusanya 50 kila robo, mwisho wa mwaka una 200, na hapo mtikisiko unashuka hadi kama 7 juu au chini.

Wakikuuliza umeyatoa wapi, waambie vipimo hivi si vya Mama Mkutubi. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 11620, kilichotolewa mara ya kwanza 1998, kinachoeleza namna ya kupima utendaji wa maktaba, na kitabu kupatikana kinapotakiwa kimo humo. Ndugu yake mkubwa, ISO 2789, anaeleza tu nini kihesabiwe na kihesabiwe vipi.

Swali

Mama, mkuu wetu wa shule anataka vitabu vyote visivyoazimwa vitupwe. Nimtii?

*Mwalimu wa maktaba*

Jibu

Usikimbilie. Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, kilifuatilia vitabu kilivyonunua 1969: karibu asilimia 40 havikuwa vimeazimwa hata mara moja katika miaka 6 ya kwanza. Na hao walinunua kwa kuchagua.

Fungua kila kitabu, tazama muhuri wa mwisho kwenye karatasi ya tarehe. Andika idadi kwa mwaka: vilivyotoka mwaka huu, mwaka jana, miaka mitano, havijawahi. Hao wa mwisho wapitie kimoja kimoja kwa mkono. Kitabu cha kompyuta cha 1994 kiage salama. Kamusi haiazimwi kwa sababu inasomwa mezani, iache. Na kama kuna kijitabu chembamba cha historia ya wilaya yenu, hata kama hakina muhuri hata mmoja, kifiche mkuu asikione.