Dada, siku akiugua utakuwa wapi?

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa msomaji wangu mmoja, binti wa miaka 26. Kaandika kwa furaha kabisa. Kuna mzee kampangia nyumba, kamfungulia fremu ya vipodozi, kila wikiendi wako wote, na kamwahidi kumtunza maisha yake yote. Swali lake: "Da, nifanye nini nisije nikaachwa?" Hakuuliza kama aendelee au aache. Aliuliza namna ya kudumu. Nimelala na swali hilo siku mbili, maana miaka kumi na miwili iliyopita ningeuliza hilo hilo.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea mdogo wangu anayeishi Ufaransa, akanipeleka Versailles, kasri la wafalme wao wa zamani. Wageni wengi wanakimbilia ukumbi wa vioo. Mimi nikaomba tujiunge na kikundi kinachopelekwa juu, kwenye vyumba alivyokaa Madame de Pompadour, kimada wa mfalme Louis XV. Vyumba viko juu kabisa, karibu na paa, dirisha linatazama bustani. Mwanamke aliyetafutwa na mawaziri na mabalozi alikaa pale juu akisikiliza kama mtu mmoja anapanda ngazi. Nilishika kizingiti cha dirisha nikaikumbuka nyumba yangu ya Kijitonyama, na jinsi nilivyokuwa naijua sauti ya gari la mzee wangu toka linakata kona.

Kwao halikuwa jambo la kificho. Kimada wa mfalme alikuwa na cheo na vyumba, tena alitambulishwa rasmi. Pompadour alizaliwa Jeanne-Antoinette Poisson, mtoto wa mjini asiye na ukoo wa kifalme, mke wa mtu. Tarehe 14 Septemba 1745 alisimamishwa mbele ya malkia mwenyewe, Marie Leszczyńska, akamwinamia. Wakubwa wa kasri walimcheka. Poisson kwa Kifaransa ni samaki, basi wakamtungia mashairi ya matusi juu ya jina lake.

Naye alihangaika kumshika mfalme kama tunavyohangaika sisi. Mtumishi wake wa chumbani, Madame du Hausset, ameeleza jinsi Pompadour alivyokuwa akinywa chokoleti yenye vanila nyingi asubuhi ili mwili uchangamke, kwa hofu kwamba mfalme atamchoka. Nilipoisoma habari hiyo nililia. Mimi nilikuwa na chupa za kungwi chini ya kitanda, udi wa kila namna, na daftari la vyakula anavyopenda.

Sasa nisikilize vizuri, mdogo wangu. Siku ya kimada kupimwa ni siku mwanamume anapougua.

Agosti 1744, kabla ya Pompadour, mfalme huyu huyu aliugua sana mjini Metz. Kimada wake wakati huo, Duchess wa Châteauroux, alikuwa pembeni ya kitanda. Askofu akasema hakuna sakramenti ya mwisho mpaka mwanamke huyu aondoke. Mfalme akaogopa kufa na dhambi, akamfukuza. Mwanamke akarudi Paris ndani ya gari la farasi lililofungwa, watu wakimtukana njiani. Mfalme alipona, akamrudia, lakini Desemba mwaka ule ule mama wa watu akafariki, ana miaka 27.

Tarehe 5 Januari 1757 mtu aitwaye Damiens alimchoma mfalme kisu. Jeraha lilikuwa dogo, ila mfalme alidhani anakufa, akaita padri wa maungamo. Pompadour alikaa vyumbani mwake siku baada ya siku bila neno kutoka kwa mfalme. Watu wanaingia kumtazama uso, waziri mmoja anamshauri aondoke, masanduku yanafungwa. Rafiki yake, Madame de Mirepoix, ndiye aliyemzuia: ukitoka mchezoni umeshindwa. Alibaki. Mfalme alipoinuka alirudi kwake, na yule waziri akapoteza kazi.

Mwaka 1774 ikawa zamu ya Madame du Barry, kimada wake wa mwisho. Alimuuguza mfalme mwenye ndui, akaondolewa kasrini kabla mfalme hajakata roho, kisha akapelekwa kwenye nyumba ya watawa.

Mimi yangu yalinikuta mwaka wa sita. Mzee alipata kiharusi. Niliambiwa na dereva wake siku ya tatu! Nikapika mtori, nikauweka kwenye hotpoti nyekundu, nikaenda hospitali saa za kuona wagonjwa. Mlangoni mwa wodi akatoka binti yake mkubwa. "Wewe ni nani?" Miaka sita, na sikuwa na jibu. Nikasema, "Mfanyakazi wa ofisini." Akapokea hotpoti, akaniambia asante, akafunga mlango.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba akagonga. Mkataba una jina la mzee. Fremu Kariakoo, jina la mzee. Hata leseni ya biashara ilikuwa ya mzee, na vitenge nilivyovichagua kimoja kimoja kwa mkono wangu vilibebwa na mashemeji waliokuwa hawanijui. Yeye alipona. Nilikutana naye kwenye harusi, mkewe kamshika mkono. Akaniambia, "Habari za siku, mama," akapita.

Ndiyo maana nakuambia angalia majina kwenye karatasi. Pompadour hakukaa miaka kumi na tisa kwa uzuri. Kitanda chenyewe kiliisha kama mwaka 1750. Alibaki kwa kuwa mfalme alimhitaji kwa mazungumzo, kwa ushauri, kwa kazi. Alitenganishwa kisheria na mumewe, akawa na mali kwa jina lake. Jumba alilonunua Paris mwaka 1753 leo ndiyo ikulu ya rais wa Ufaransa, na alipokufa tarehe 15 Aprili 1764, na miaka yake 42, alikuwa na mali ya kuandikia wosia.

Na bado jeneza lake lilipotoka Versailles jioni, mvua inanyesha, mfalme alisimama kwenye roshani akalitazama likienda. Hakulifuata.

Leo nina fremu mbili, zote kwa jina langu, na sijamwomba mtu kodi. Msisubiri kufukuzwa ndipo mjue, mabinti zangu. Mwanamume anaweza kukupenda kweli na bado ukakosa pa kusimama mlangoni mwa wodi.

Wewe uliyeniandikia, kesho asubuhi omba kuuona mkataba wa fremu. Soma jina lililoandikwa, kisha uniandikie tena.