Maswali ya Wasomaji: Wi-Fi ya bure, mji mzima?

Halmashauri yetu inataka mji wote, kilomita za mraba 12, uwe na Wi-Fi ya bure. Mkandarasi anasema redio 60 (vifaa vya kurusha Wi-Fi) za kufunga kwenye nguzo zinatosha kwa kuwa kila moja "inafika mita 300". Tusaini? (Diwani, Nyanda za Juu Kusini)

Msisaini bado, Mheshimiwa. Hizo mita 300 ni za redio kwenda kwenye simu. Simu nayo lazima ijibu, na antena yake ni ndogo, nguvu yake kidogo. Ndiyo maana mtu huona alama ya Wi-Fi imejaa lakini ukurasa haufunguki: simu inaisikia redio, redio haiisikii simu. Mtaani penye miti na kuta za tofali, hesabuni mita 60 hadi 100. Ndani ya nyumba za watu msihesabu kitu.

Waliotangulia wameshalipia somo hili. Mwaka 2006 Google iliufungia mji wa Mountain View, California, redio karibu 400 katika eneo la kilomita za mraba kama 31, yaani 13 hivi kwa kila kilomita. Kwa kipimo hicho ninyi mngehitaji zaidi ya 150, na bado ingekuwa huduma ya nje ya nyumba tu. Mwaka 2014 mtandao ule wa mji mzima ulizimwa, ikabaki Wi-Fi ya maeneo machache yenye watu wengi. Mji wa Philadelphia, hukohuko Marekani, ulipatana na kampuni ya intaneti ya EarthLink. Redio zikahitajika nyingi kuliko bajeti, wateja wa kulipia wakawa wachache, na mwaka 2008 kampuni ikajitoa. Mtandao wa mji wa Minneapolis ulidumu kwa sababu serikali ya mji yenyewe iliingia mkataba wa kuwa mteja mkubwa. Nanyi mwulizeni mkandarasi: mwaka wa tatu, bili ya intaneti analipa nani?

Kwa maoni yetu, futeni "mji mzima" kwenye mkataba, mwandike majina ya mahali: stendi, soko kuu, maktaba, eneo la kusubiri hospitalini, uwanja wa mikutano. Tuseme ni redio 20, kila moja na watu 30 waliounganishwa. Hao ni 600. Wanaovuta data kwa sekunde ileile huenda ni mmoja kati ya watano, yaani 120; mkiwawekea kikomo cha Mbps 3 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi) kila mmoja, mnahitaji Mbps 360 za faiba. Mkandarasi akiwaletea Mbps 50 kwa redio hizo zote, mtandao utakuwapo kwa jina tu.

Mwangalie pia redio zinavyopokezana data. Redio yenye chaneli moja ya kupokea na kupeleka hupoteza karibu nusu ya kasi kila data inaporuka kwenda redio nyingine: Mbps 100 huwa 50, kisha 25. Kubalini mruko mmoja, miwili ikibidi sana. Zaidi ya hapo vuteni faiba, au fungeni kiungo kisicho na waya cha GHz 5, kinachoonana paa kwa paa.

Siku ya makabidhiano msipime kwa kompyuta ya mkandarasi. Chukueni simu ya bei ya kawaida, ishikwe usawa wa kiuno, sokoni, saa kumi jioni siku ya gulio, mahali mlipochagua ninyi. Pimeni kupakua na kupakia, yote mawili.

Redio tulizofunga kwenye nguzo za taa za barabarani zinafanya kazi usiku tu. Mchana zimekufa. Je, ni mbovu? (Fundi, Tanga)

Ni nzima. Laini nyingi za taa hukatwa umeme kwenye boksi la mwanzo wa mtaa, kwa saa au kwa kihisi mwanga, kwa hiyo mchana nguzo haina umeme kabisa. Omba mwenye laini avute waya wa pili usiopitia swichi hiyo. Ndiyo njia safi. Ukishindwa, weka betri. Redio ya wati 12 kwa saa 12 inakula Wh (wati-saa) 144, na ukiongeza upotevu, kama 180. Betri ya lithiamu-fosfeti ya volti 12.8 na Ah (ampea-saa) 20 ina Wh 256, inatosha bila kuimaliza. Chaja ni lazima imudu kuijaza usiku huku redio ikiendelea kula. Usiibe umeme kwenye taa za sola: betri zake zimepimwa kwa taa tu, na mvua za masika zitakuumbua.

Ukiwa juu, uache waya uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia kwenye boksi, maji yadondokee nje.

Wi-Fi ya stendi yetu asubuhi iko vizuri. Kufika saa tano simu zinakwama kwenye "Inapata anwani ya IP". Tuongeze kasi? (Nakuru)

Kasi haina kosa, anwani (namba ambayo rauta huipa kila simu) ndizo zimekwisha. Rauta nyingi huja na mtandao wa /24, yaani anwani 254, na kila simu hushikilia yake kwa saa 24. Abiria akishajiunga mara moja, simu yake hujiunga yenyewe kila matatu yake inapopita getini, naye wala hajui. Badili uende /21 (anwani 2,046) na upunguze muda wa kushikilia hadi dakika 30. Hapohapo washa kipengele kinachozuia simu kuonana, la sivyo ujumbe ambao simu hizo zote hurushiana zenyewe utajaza hewa.

Na zima kasi za zamani za Mbps 1 na 2. Simu moja iliyo mbali, ikiongea polepole, huwasubirisha wengine wote.

Je, ni salama kutuma pesa kwenye Wi-Fi ya bure? (Morogoro)

Ukitumia menyu ya nyota na reli, hupiti kwenye Wi-Fi kabisa; unapita kwenye laini ya simu. Programu ya benki nayo husimba data yake, yaani huigeuza isisomeke na mwingine. Hatari kubwa ni ukurasa wa kujiunga: yeyote anaweza kurusha Wi-Fi yenye jina lilelile la halmashauri. Ukurasa ukikudai namba ya siri ya pesa, au ukikutaka usakinishe cheti cha usalama (faili la simu) au programu, jitoe, kisha uifute Wi-Fi hiyo kwenye orodha ya simu yako.