Shangazi, Jumamosi naletewa watoto wa mbwa watatu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Vijana wanaookota mbwa wa mitaani hapa Morogoro wameniomba nilee watoto wa mbwa watatu, wa wiki 5 hivi, mpaka wapate wa kuwachukua. Nimekubali. Maziwa ya ng'ombe nayapata kwa jirani, na banda la mbwa wetu Simba, aliyekufa mwezi wa tatu kwa kuharisha damu, bado zima. Niwape maziwa kiasi gani?
Mama wa Kihonda

JIBU: Marahaba mwanangu. Maziwa nitayafikia. Kwanza nirudi pale ulipopita mbio: Simba aliharisha damu. Banda hilo wasiliingie kabisa.

Kuharisha damu kuna sababu nyingi, ila mojawapo ni parvo, ugonjwa wa mbwa wa kuambukiza, na virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi, hata mwaka. Sabuni ya unga haiviui.

Nayasema haya kwa aibu. Nilipoanza kulea, mmoja alinifia kwa parvo. Nikafagia ua, nikamwaga maji ya moto, nikaona yamekwisha. Baada ya miezi miwili nikapokea wengine wanne. Wa kwanza kuugua alikuwa kajike kenye mguu mmoja mweupe, kalikozoea kulala ndani ya buti langu la shamba. Asubuhi kakakataa uji, mchana kakatapika povu. Nilipokavuta ngozi ya shingo, ikabaki imesimama vilevile, hairudi; kalishaishiwa maji mwilini. Kati ya wanne alipona mmoja. Bwana mifugo aliniuliza swali moja tu: "Hapa palishakufa mbwa?"

Basi wako walee ndani, kwenye sakafu ya saruji. Isugue kwa sabuni kwanza, kwa sababu Jik haifui dafu mbele ya uchafu, kisha changanya kikombe 1 cha Jik na 20 vya maji, uimwage sakafuni, uiache dakika 10 ndipo usuuze. Viatu vya nje viishie mlangoni. Uani wasikanyage mpaka wamalize chanjo: ya kwanza wakiwa na wiki 6 hadi 8, kisha kila wiki 3 au 4 mpaka wafikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hufuata wakiwa na miezi 3. Nani analipa? Waulize hao vijana kabla ya Jumamosi, usione haya.

Maziwa wanywe wanao. Watoto wa mbwa huwaharisha, halafu utashindwa kujua ni maziwa au ni ugonjwa. Wape uji mzito wa dona na dagaa wa kusaga wasio na chumvi, mara 4 kwa siku. Viroboto watoe kwa kitana. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usithubutu, inaua vitoto.

SWALI: Nalea mbwa wa muda kwenye nyumba ya kupanga, ua mmoja. Jirani Muislamu amekasirika mbwa alipolamba ndoo yake. Anamchukia mnyama?
Mpangaji, Tanga

JIBU: Hamchukii. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Umemwongezea kazi mwenzio, na pengine maji ya kununua. Nenda ukaombe radhi ukiwa na ndoo mpya mkononi, na mbwa afungwe mbali na bomba na kamba ya nguo.