Mfumo gani unafungua basi? Majibu ya wiki hii

Kocha, mfumo gani unavunja timu inayopaki basi (inayojaza wachezaji nyuma kujilinda) kwa 4-4-2, yaani mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili?

Swali hili tena! Mfumo wa kwenye karatasi haufungui basi. Kazi iko kwenye namna mnavyosimama mkiwa na mpira. Anzeni 4-3-3. Mkiupata, beki wa kushoto aingie ndani kando ya namba 6 (kiungo mkabaji), wa kulia abaki na mabeki wa kati. Mbele mnakuwa watano: mawinga wamekanyaga chaki ya pembeni, namba 8 na 10 (viungo wa mbele) kwenye vichochoro kati ya beki wa pembeni na beki wa kati, straika katikati. Mabeki wao ni wanne. Wa pembeni akimfuata winga, kichochoro kimefunguka. Akibaki, winga yuko huru. Wakimshusha winga wao awe wa tano, nje ya 18 (eneo la penalti) panabaki wazi, hapo namba 6 apige.

Kinachoharibu ni winga mwenye tamaa, anayeingia ndani kila dakika na mkabaji wake nyuma. Na mpira uhame upande kwa pasi tatu nne, mguso mmoja au miwili. Wingi wa pasi pekee hautoshi: Hispania ilipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Urusi kwenye Kombe la Dunia 2018, ikatolewa kwa penalti.

Tuongeze straika wa pili?

Kama hamna mpiga krosi, mnawaongezea mabeki wao mtu wa kukaa naye.

Tulipiga krosi kibao, bao hakuna. Tatizo nini?

Mlizipiga kutoka wapi? Krosi ya mita 35 ni zawadi kwa beki anayeutazama mpira. Fikeni mstari wa mwisho, ndani ya 18, kisha rudisheni chini kuelekea alama ya penalti. Mmoja akimbilie nguzo ya karibu, mmoja ya mbali, wa tatu achelewe makusudi. Huyo wa tatu ndiye hufunga.

Tunamiliki mpira, tunafungwa kwa kaunta, wakiupokonya mpira na kutushambulia haraka.

Kwa sababu mabeki wote wawili wa pembeni wamepanda. Watano wabaki nyuma ya mpira, straika wao akabwe hata mkiwa mnashambulia. Na msigawe kona ovyo: fainali ya Euro 2004, Ugiriki iliifunga Ureno pale pale Lisbon kwa kichwa cha Charisteas kutoka kona.

Beki wa kati nimpeleke mbele dakika ya ngapi?

Tano za mwisho, mkiwa mmefungwa. Mkiwa sare, mwache nyuma.